Nyumba ya Miezi Sita

Ngalula alifika kwenye nyumba ile asubuhi ya mvua, Desemba 1973, akiwa na binti zake wawili, sufuria moja, na godoro lililolowa maji mpaka likawa zito kuliko mtoto mdogo aliyembeba mgongoni. Alisimama chini ya ukingo wa bati bila kubisha hodi. Aliniambia miaka kadhaa baadaye, siku alipokuja kupaka kuta za nyumba yangu, kwamba kwa wiki tatu alikuwa amebisha milango mingi sana hapa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, na mkono wenyewe ulikuwa umekataa kuinuka tena.

Mlango ulifunguliwa hata hivyo. Mwanamke mnene mwenye miwani alitoka na beseni la maji machafu, akataka kuyamwaga, akawaona.

"Mama, unangojea nani?"

"Singojee mutu."

"Basi ingia. Hao batoto banatetemeka."

Huyo alikuwa mama Idah. Zamani alikuwa mpishi wa hospitali. Alipostaafu, akina mama wa makanisa mawili ya hapa walimkabidhi ghala la mnunuzi wa samaki aliyekuwa amefunga biashara na kuhama. Lilikuwa jengo refu la matofali, lenye paa la bati na harufu ya chisense, wale dagaa wetu wadogo, ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuiondoa. Ndani waligawanya vyumba saba kwa kuta nyembamba za miti na udongo. Aliyepoteza nyumba kwa moto, kwa kufukuzwa, au kwa kufiwa, alipokewa pale na kukaa miezi sita, na katika miezi hiyo alisaidiwa kujenga chumba chake mwenyewe mahali pengine. Ndiyo maana watu wa sokoni waliiita Kwa Sita.

Ngalula aliketi kwenye gogo karibu na moto. Mtoto mdogo, Brigitte, wa miaka minne, alikuwa anakohoa. Mkubwa, Mwaka, wa miaka kumi, alikumbatia sufuria kama mtu atakayenyang'anywa.

"Banasema hapa munapokeaka batu benye hawana nyumba," Ngalula alisema.

"Tunapokeaka. Lakini miezi sita, haipite hapo. Unasikia?"

"Minasikia, mama."

"Na hapa hakuna mutu wa kukaa bure. Unajua kazi gani?"

Ngalula alifikiri. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemuuliza anajua nini. Walimuuliza tu anatoka wapi.

"Najua kupaka."

"Kupaka nini?"

"Nyumba. Na udongo. Mweupe, mwekundu, na ule mweusi wa ku mutoni. Hata chini, nasugua na jiwe mupaka inangaa."

Mama Idah aligeuka akazitazama kuta zake. Udongo ulikuwa umebanduka vipande vipande, na katika chumba cha tatu mtu aliweza kumsalimu jirani kupitia ufa.

"Kumbe," alisema. "Basi kula kwanza."

*

Ngalula hakuzaliwa upande huu wa ziwa. Baba yake alikuwa Mkasai, karani wa kampuni moja huko Kilwa, ng'ambo ya Mweru, upande wa Kongo. Wakati wa vurugu za Katanga watu wa Kasai waliambiwa warudi kwao, na jamaa yake ikatawanyika: huyu huku, yule kule, wengine hakuwaona tena. Yeye alivuka na wachuuzi wa samaki mpaka Kashikishi, jirani na hapa, akiwa na umri wa miaka ishirini, akijua Kiswahili na Kifaransa kidogo cha shule, bila neno hata moja la Kibemba. Mtu wa kwanza kumwonyesha maji ya kunywa alikuwa mvuvi aitwaye Mubanga. Mwaka uliofuata wakaoana.

Nyumba yao waliijenga wawili, karibu na bandari ya Kashikishi. Mubanga alisimamisha matofali na kuezeka nyasi. Ngalula alipaka. Alichora mstari mwekundu chini ya madirisha, na juu yake maua meupe makubwa kama visahani, mpaka watu wa mitumbwi wakawa wanaelekezana: shusha samaki pale mbele ya nyumba ya maua. Baada ya hapo wake za wavuvi wengine walianza kumwita naye awapakie. Hata nyumba ya Lackson, mjomba mkubwa wa Mubanga, aliipaka yeye, akala siku tatu mezani kwao, na mzee huyo alimwita binti yangu.

Oktoba 1973 Mubanga alishikwa na kifua. Aliugua wiki tatu, akafa. Matanga yalipokwisha, jamaa wa ukoo wa mama yake walikaa kikao uani. Kwa desturi yao, mali ya marehemu huenda kwa watoto wa dada zake, na mpwa aliyesimama kuichukua alikuwa Nkonde, kijana wa miaka thelathini mwenye mke tayari. Alisema nyumba sasa ni yake. Akasema mjane naye anaweza kubaki, kama akikubali kuwa mke wa pili.

Ngalula alisema, kwa Kibemba chake cha taratibu, kwamba anashukuru lakini hapana.

"Basi rudi kwenu," Nkonde akamwambia.

"Kwetu ni wapi?"

Hakuna aliyejibu. Aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mzee Lackson, mzee alikuwa amevua kofia, anachunguza ndani yake kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea humo. Hakuinua uso. Asubuhi iliyofuata Nkonde alitia kufuli.

Siku kumi na tisa Ngalula na watoto walijihifadhi sokoni, chini ya meza za samaki, wakiondoka alfajiri kabla wenye meza hawajafika. Wenye nyumba aliokuwa amewapakia kuta walimpa chakula, lakini nafasi ya kulala hawakuwa nayo. Wengine waliogopa ugomvi na ukoo wa Mubanga. Kikohozi cha Brigitte kilipozidi, muuza chisense mmoja alimwambia habari za Kwa Sita.

*

Siku ile ya kwanza mama Idah alichemsha maji, akawaogesha watoto kwa mikono yake, akawapaka mafuta kifuani. Godoro walilianika karibu na moto. Kisha akampeleka Ngalula chumba cha tano, ambamo mlikuwa na mkeka, blanketi na msumari wa kutundikia nguo.

"Lala," alisema.

"Saa hii? Ni muchana."

"Nani anakuuliza saa? Lala. Batoto niko nabo."

Ngalula alilala kuanzia saa nne mpaka jua lilipokuwa linashuka. Alipoamka hakujua yuko wapi, akasikia Mwaka anacheka nje, na hapo, aliniambia, alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuwa analia kwa uchungu. Alilia kwa sababu mwili ulikuwa umeacha kujikaza.

Kazi haikuchelewa. Kanuni ya nyumba ilikuwa kwamba wote waliomo humsaidia yule ambaye zamu yake ya kutoka imekaribia. Aliyekuwa mbele wakati huo alikuwa Watson, mvuvi mzee aliyekatwa mkono mmoja baada ya kujeruhiwa na kamba ya mashua, na ambaye kibanda chake kiliungua na kila kitu. Chumba chake kipya kilikuwa kimeezekwa tayari nyuma ya shule, ila kuta zilikuwa uchi. Januari, kila mvua ilipopumzika, Ngalula alibeba udongo na kwenda kumpakia.

Watson aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akimtazama.

"Unaweka maua?"

"Unapenda maua, tata?" alimwuliza, maana baba huitwa hivyo hapa.

"Mimi ni mwanaume. Weka samaki."

Akamchorea pale watatu, wale samaki wapana wa ziwani, wakifuatana chini ya dirisha. Watson alisema wa mwisho ana macho kama ya dada yake, akaridhika.

Watu waliowaona samaki wale waliuliza ni nani aliyewachora. Kufikia Machi Ngalula alikuwa na kazi karibu kila wiki, na kuta za Kwa Sita zenyewe zilikuwa zimepona, chumba kwa chumba. Mwaka alirudi shuleni. Kikohozi cha Brigitte kilikwisha. Jioni wanawake walipika bukari, yaani ugali, kwenye chungu kimoja, na mama Idah, ambaye hakuweza kusahau kwamba aliwahi kupikia wagonjwa mia, alionja kila mboga na kuikosoa.

Mvua zilipokwisha Aprili, zamu ikawa ya Ngalula. Wote wa nyumba ile walikwenda kuchimba udongo wa kichuguu nyuma ya ghala wakafyatua matofali ya chumba chake: akina mama wanakanyaga tope, watoto wanachota maji, Watson amerudi na mkono wake mmoja kusimamia ukaushaji, akigombeza kila mtu. Walichoma tanuru katikati ya Mei. Matofali yalitoka mekundu, mazuri, yakagonganishwa yakalia kama chuma.

Lakini yalikuwa hayana pa kwenda.

*

Kiwanja, yaani lupango, kilitolewa na mkubwa wa kijiji. Wengine waliotoka Kwa Sita waliombewa na ndugu au na wazee wa ukoo wao. Mama Idah alikwenda kumwombea Ngalula, akarudi amekunja uso.

"Anasema hakukatai," alieleza. "Ila anataka mutu wa ukoo wa hapa akusimamie. Anasema mugeni akikufa, au akiuza, ataulizwa nani? Hata mimi siyo wa hapa, natoka Mwansabombwe. Neno langu halitoshi."

"Ukoo wa hapa ni wa Mubanga tu."

"Najua."

"Balinifukuza."

"Najua, mama Mwaka. Nani pale aliwahi kukupenda?"

Ngalula hakutaka kulitamka jina. Ilikuwa imebaki wiki tatu miezi yake sita itimie, na barua ilikuwa imeshafika kutoka Mununga: mume, mke na kichanga, nyumba yao imebomolewa na mafuriko, wanaomba nafasi mwezi wa Juni. Mama Idah aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wote kama alivyozoea. Hakumtazama Ngalula alipoisoma. Wala Ngalula hakumwomba amwongezee siku. Alijua kwamba Desemba ile kuna mtu aliyetoka ili yeye aingie.

Kesho yake alivaa kikwembe chake kizuri, akamwachia Mwaka mdogo wake, akaenda Kashikishi. Mzee Lackson alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake anashona wavu. Ukutani nyuma yake ule mstari mwekundu alioupaka yeye ulikuwa umeanza kufifia.

Alipiga magoti, akasalimu. Mzee aliitikia, akaendelea kushona.

"Tata, sikuya juu ya nyumba ya Mubanga. Ile imekwisha. Nakuya juu ya lupango. Matofali niko nayo. Mukono wa kujenga niko nao. Ninakosa mutu wa kusema: huyu tunamujua."

Sindano ya wavu iliingia na kutoka. Mke wa mzee alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Kikao ni siku gani?" Lackson aliuliza hatimaye.

"Jumamosi."

"Nimesikia."

Ngalula alingoja mpaka magoti yakauma, kisha akaaga. Njia nzima alijilaumu kwa kwenda. Alimwambia mama Idah kwamba mzee amesikia, na kwamba mtu anaweza kusikia hata mbwa akibweka.

"Tutaenda hivyo hivyo," mama Idah alijibu.

*

Jumamosi walikwenda wanne: Ngalula, mama Idah, Watson, na Mwaka aliyekataa kubaki. Kikao kilikuwa kwenye kibaraza cha mkubwa wa kijiji. Walimkuta Nkonde amekwisha kaa. Alikuwa amesikia habari, na alikuwa amevaa koti jeusi la marehemu Mubanga. Ngalula alilitambua kwa kiraka cha kiwiko alichokishona mwenyewe. Lackson hakuwepo.

Mkubwa wa kijiji alimsikiliza mama Idah, kisha akamsikiliza Nkonde. Nkonde alisema ukoo haumjui mwanamke huyu. Alisema mume akifa, mgeni hana tena kamba ya kumfunga hapa. Ng'ambo wapo watu wake, avuke.

"Kuna mwingine wa kusema?" mkubwa wa kijiji aliuliza.

Watson alisimama akasema ukuta wake una samaki watatu. Watu walicheka, naye akakaa amekasirika, maana hakuwa anatania. Mkubwa wa kijiji alikuwa ameanza kufunga daftari lake wakati mtu alipokohoa nyuma yao. Mzee Lackson alikuwa amesimama kwenye jua, amevua kofia, pumzi zinamwenda mbio. Alikuwa ametembea kutoka Kashikishi kwa miguu, kwa sababu aliyemwahidi baiskeli hakutokea.

Walimpa kigoda, akakikataa.

"Mimi ni mkubwa wa ukoo ule," alisema kwa Kibemba. "Mubanga alikuwa mwana wa dada yangu. Siku mwanamke huyu alipouliza kwao ni wapi, nilikuwepo, nikanyamaza. Nimekaa na ukimya ule miezi sita. Hata chakula nakila kama mtu anayekula cha wizi."

"Mjomba," Nkonde alianza.

"Wewe una nyumba. Kaa kimya." Alimgeukia mkubwa wa kijiji. "Ukoo unamjua. Alimwuguza mwanetu, akamwogesha, akamzika. Watoto hawa ni wa Mubanga. Mpe lupango, na jina la kusimama nyuma yake andika langu. Nikifa, andika la mrithi wangu."

Nkonde alitazama chini. Baada ya muda alivua lile koti, akalikunja, akaliweka magotini. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Mkubwa wa kijiji alifungua daftari upya. Lackson hakujua kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjamana. Lupango lilikuwa juu ya barabara ya soko, kando ya shamba la mihogo, mahali pasipofikiwa na maji ya ziwa hata mwaka wa mvua kubwa.

Walipotoka, Ngalula alitaka kupiga magoti barabarani. Badala yake akajikuta ameketi tu kwenye nyasi. Mzee Lackson alisimama kando yake hajui afanye nini.

"Inuka, binti yangu," alisema. "Watu wanatazama."

"Batazame, tata. Nitainuka sasa hivi."

*

Chumba kilisimama kwa siku kumi na moja. Mwashi alikuwa mkwe wa Watson. Nyasi za kuezekea zilitoka kwa wanawake wa makanisa yale mawili, ambao mpaka leo hubishana ni wa kanisa lipi walioleta mafungu mengi zaidi. Ngalula alipohama alikuwa amebakiwa na usiku mmoja wa miezi yake sita, na hakuutumia. Alishinda mchana kutwa akipaka upya chumba cha tano kwa ajili ya wale wa Mununga, ili wasikute ufa. Walipofika na kichanga chao, udongo ulikuwa haujakauka sawasawa, akawaonya wasiegemee ukuta mpaka kesho.

Katika chumba kipya Brigitte alizunguka pembe zote nne, akagusa kila moja.

"Mama, hapa miezi mingapi?"

"Hapa hakuna miezi."

Mtoto alifikiri, akaenda kumwambia dada yake, ambaye alikuwa anajua.

Jumapili ya kwanza wageni walikuja. Mzee Lackson alileta kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa alijua nyumba haina viti, na ndoo ya samaki wabichi. Alikaa nje, akazungumza machache, akala vizuri. Mama Idah alikuja na miwani yake, akazikagua kuta kama mganga mkuu anavyokagua wodi, mikono nyuma. Kwenye pembe ya kulia aliinama.

"Hapa umepaka mubaya."

Ngalula alikwenda kutazama. Kweli, udongo ulikuwa umekaa kama uvimbe, na katikati yake palikuwa na alama ya kiganja kidogo. Alikuwa amempakia kila mtu nyumba bila kosa, na kwake mwenyewe alikuwa amechoka kiasi cha kumwachia Brigitte pembe nzima. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mama Idah, aliyekaa naye miezi sita bila kumsikia akicheka namna ile, alivua miwani akaifuta kwenye kikwembe, akamwuliza kama samaki wametiwa chumvi au anangojewa yeye aende jikoni.

"Kaa, mama," Ngalula alisema. "Leo unapakuliwa."